Uliza Mwalimu: Kapsuli Ikigonga Ardhi, Mgongo wa Mwanaanga Huponaje?

Toleo lililopita la safu hii lilikuwa na picha ya kapsuli ya Soyuz, chombo cha Warusi cha kubeba wanaanga, ikitua katika nyika ya Kazakhstan, na picha hiyo imeniletea barua nyingi kuliko zile zilizokuja tulipozungumzia kupatwa kwa jua. Nimechagua sita. Zote zinazunguka jambo moja: mtu anayerudi kutoka angani anapogonga ardhi au maji, mwili wake hubeba nini, na wanaokadiria hatari ya kuumia kwake hufikiaje makadirio yao. Barua nyingine nimezifupisha, lakini hoja zake sikuzigusa.

SWALI: Mwalimu, niliona kwenye video chombo cha Warusi kikishuka kwa parachuti moja kubwa ya rangi nyeupe na ya machungwa. Kilipokaribia ardhi, moto na vumbi vikafumka kama bomu, kisha watu wakawatoa wanaanga na kuwabeba hadi kwenye viti kama wagonjwa. Mimi ni fundi wa pikipiki na nimeona wengi walioanguka. Kwa macho yangu hao walikuwa wameumia. Je, waliumia? Na kama hawakuumia, nani alijua mapema kwamba hawataumia? – Fundi wa Shabab, Nakuru

JIBU: Fundi, moto ule ulikuwa wa kukusudiwa. Chini ya kapsuli kuna roketi ndogo ambazo huwashwa na kipimo cha mionzi ya gama wakati kapsuli imebakiza chini ya mita moja kufika ardhini. Ikiwa bado inaning'inia kwenye parachuti kuu, kapsuli hushuka kwa mwendo wa mita 7 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 25 kwa saa. Kwa mtu wa pikipiki huo ni mwendo wa kupita sokoni, lakini ukielekezwa chini ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 2.5, juu ya paa la kibanda cha mabati. Roketi zile zikifanya kazi yake, mwendo hupungua hadi mita 2 hivi kwa sekunde, na kugonga ardhi kwa mwendo huo ni kama kukosa kipandio kimoja cha ngazi gizani.

Hata hivyo, mwendo ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni umbali ambao mwili unapewa ili usimame. Nilipokuwa kijana nilipanda lori la mahindi kutoka Kitale, na tulipofika Nakuru niliruka kutoka juu ya magunia huku magoti yamekakamaa kwa baridi. Kishindo kilipanda kutoka visigino hadi kwenye meno, na kwa wiki nzima nilikuwa nikiketi kwa kujiombea. Mwenzangu aliruka kutoka juu ya gunia lilelile, akakunja magoti, akaenda zake akipiga mluzi. Sasa tia hesabu: kwa mwendo wa mita 7 kwa sekunde, mwili unaosimamishwa ndani ya sentimita 5 hubeba kwa wastani nguvu ya mara 50 ya uzito wake, na ule unaosimamishwa ndani ya sentimita 25 hubeba mara 10 tu. Mwenzangu alikuwa na sentimita za magoti. Mimi nilikuwa na unene wa soli za viatu.

Kwa sababu hiyo viti vya Soyuz, viitwavyo Kazbek, huinuliwa juu ya shoki zake kabla ya kutua ili vipate nafasi ya kushuka wakati wa kishindo. Juu ya kiti kuna tandiko gumu lililotengenezwa kwa umbo la mgongo wa mwanaanga mmoja na si mwingine. Ili kulipata umbo hilo, mtu hulazwa magoti yamekunjwa ndani ya beseni la plasta laini, amevaa nguo nyembamba za ndani, akasubiri plasta igande. Upande wa kichwa huachwa nafasi kidogo, kwa kuwa uti wa mgongo hurefuka mtu akikaa angani.

Kuhusu kubebwa, usitishike. Mtu aliyeelea kwa miezi kadhaa hupoteza mizani, na akisimama ghafla damu hukimbilia miguuni, kwa hiyo hubebwa hata kama hana mkwaruzo. Lakini usidhani kwamba hakuna aliyewahi kuumia. Mwaka wa 1967 Vladimir Komarov alikufa baada ya parachuti ya Soyuz 1 kushindwa kufunguka sawasawa. Januari 1969, Boris Volynov alitua kwa kishindo kikali katika Soyuz 5 akavunjika meno. Aprili 2008, Soyuz TMA-11 ilishuka kwa mteremko mkali kuliko uliopangwa, waliomo wakabeba zaidi ya mara 8 ya uzito wao ilipokuwa ikipenya hewa, na mmoja wao, Yi So-yeon wa Korea Kusini, alilazwa hospitalini kwa maumivu ya mgongo alipofika kwao. Yuri Gagarin mwenyewe, mtu wa kwanza kwenda angani, hakutua ndani ya chombo chake mwaka wa 1961: Vostok haikuwa na roketi za kupunguza kishindo, kwa hiyo alifyatuliwa nje angali juu na kutua kwa parachuti yake mwenyewe.

Swali lako la nani alijua mapema nitalijibu chini ya barua ya Kakamega, ambayo imeliuliza kwa ukali zaidi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Klabu yetu ya sayansi iliangusha mayai kutoka baraza ya ghorofa ya pili. Tuliyatia katika mikebe ya rangi iliyojaa makapi ya mpunga tuliyoyaleta kutoka Ahero. Yai tulilolibana kwa utepe ubavuni mwa mkebe, lisisogee hata kidogo, lilivunjika. Lililolala huru katikati ya makapi lilipona. Lakini tumesoma kwamba wanaanga hufungwa kwa mikanda hadi wasiweze kutikisika. Je, hawafanani na yai lililovunjika? – Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Kisumu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali hili ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa na watu wazima. Yai lenu la kwanza lilisimama mkebe uliposimama, na mkebe ulisimama ndani ya milimita chache za saruji iliyobonyea kidogo na bati lililokunjika. Yai la pili lilipewa na makapi sentimita kadhaa za kusimamia. Mpaka hapo mko sahihi.

Mwanaanga, lakini, hakufungwa kwenye ganda la kapsuli. Amefungwa kwenye kiti, na kiti ndicho kilicholala kwenye makapi, kwa maana ya shoki zake. Rudieni jaribio hivi: libaneni yai kwa utepe juu ya kipande cha ubao, kisha ulazeni ubao huo juu ya makapi, na wekeni mkebe mwingine ambao yai lake limefungwa kwa utepe uliolegea. Mtaona kwamba ulegevu ni adui. Kiti kinapoanza kupungua mwendo, mwili uliolegea bado unakwenda kwa mwendo wa zamani. Hufika kwenye mkanda ukiwa umechelewa, na hapo huwa na umbali mfupi zaidi wa kusimamia kuliko kiti chenyewe kilivyokuwa nao. Hicho ni kishindo cha pili, na mara nyingi ndicho kinachovunja. Abiria wa matatu anayeuacha mkanda ulegee ili akae vizuri anajinunulia kishindo hicho kwa hiari yake.

Vitu navyo vina kishindo cha pili. Apollo 12, chombo cha Marekani kilichokuwa kikirudi kutoka Mwezini, kilipotua baharini tarehe 24 Novemba 1969, kamera ya sinema iling'oka kwenye kishikizo chake ikampiga mwanaanga Alan Bean kichwani, juu ya jicho, akahitaji kushonwa nyuzi. Mtu aliyetembea Mwezini alirudi na jeraha la kupigwa na kamera. Tangu hapo, anayekagua kapsuli hukagua pia kila kitu ambacho kinaweza kuchomoka.

Niandikieni matokeo ya ubao.

SWALI: Mwalimu, ninawahudumia watu walioanguka kutoka kwenye miembe na boda boda, nikiwafundisha kutembea tena. Katika kazi hii sijaona migongo miwili inayofanana. Mzee huvunjika pingili kwa kuketi vibaya kwenye kigoda, na kijana huanguka kutoka kwenye mti akainuka. Ninaposoma kwamba hatari ya mwanaanga kuumia akitua ni asilimia fulani, nashindwa kuelewa. Ni asilimia ya mwili wa nani? – Mtaalamu wa viungo, Kakamega

JIBU: Mtaalamu, umegusa penye kidonda. Kwa sehemu kubwa asilimia hiyo ilitokana na miili ya wanaume vijana wa jeshi, wenye afya, waliofungwa vizuri vitini, na wanaoirithi leo wengi wao si watu wa namna hiyo.

Tuifuatilie ilikotoka. Ndege za kivita zilipozidi kasi, rubani aliyetaka kujiokoa alihitaji kufyatuliwa pamoja na kiti chake, na uti wa mgongo ndio uliolipa gharama ya kufyatuliwa huko. Majeshi yakaanza kuwaweka watu wa kujitolea kwenye magari ya reli yanayosukumwa kwa roketi na kuyasimamisha ghafla. Aliye mashuhuri kuliko wote ni daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, John Paul Stapp. Tarehe 10 Desemba 1954, katika kambi ya Holloman huko New Mexico, alifikishwa mwendo wa kilomita 1,017 kwa saa kisha akasimamishwa ndani ya sekunde 1.4 hivi. Kilele cha nguvu aliyobeba kilikuwa mara 46.2 ya uzito wake. Mishipa ya macho yake ilipasuka na kwa muda hakuona, lakini alipona. Zingatia kwamba nguvu hiyo ilimpita kati ya mgongo na kifua. Ingempita kutoka makalio kwenda kichwani, pingili zingebanana moja juu ya nyingine, na kwenye njia hiyo mwili wa binadamu huvumilia nguvu ndogo zaidi. Wanaanga hulazwa chali wakati wa kutua kwa sababu hiyohiyo.

Kutokana na majaribio kama hayo, pamoja na kumbukumbu za marubani waliofyatuliwa kweli, wahandisi walijenga mfano wa hesabu ambao ningeweza kumchorea fundi wetu wa Shabab kwa kijiti mchangani: mwili ni tofali moja lililowekwa juu ya springi yenye shoki. Unaingiza mtikisiko uliopimwa kwenye kiti, unatazama springi inabonyea kiasi gani, kisha unalinganisha kubonyea huko na majeraha yaliyowahi kutokea. Faida yake ni kwamba mfano huo unajali muda. Nguvu kubwa ya kufumba na kufumbua hupita kabla springi haijabonyea, ilhali nguvu ndogo kuliko hiyo inayodumu kidogo zaidi huikandamiza hadi mwisho. James Brinkley wa Jeshi la Anga la Marekani aliuendeleza mfano huo kwa pande zote, mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, na NASA, shirika la anga la Marekani, imekuwa ikiutumia kupimia viti vya kapsuli. Mipaka yake ina ngazi tatu: hatari ya chini, takriban asilimia 0.5, ya kati, asilimia 5, na ya juu, asilimia 50.

Sasa tazama kinachokosekana. Tofali halina shingo. Halivai kofia nzito ya suti ya anga, ambayo wakati wa kishindo huning'inia kwenye shingo kama jiwe lililofungwa kwenye mwanzi. Halisemi ni mfupa gani utakaovunjika, na limechukulia kwamba mtu amekaa vyema na kufungwa barabara. Kwa hiyo watafiti huongeza sanamu za majaribio za chuma na mpira, zenye vihisi shingoni, kifuani na kiunoni. Sanamu iliyotumiwa zaidi, Hybrid III, ilibuniwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari yanayogongana uso kwa uso. Nyingine mpya zaidi, THOR, ina uti wa mgongo na kifua vinavyokaribia vya mtu. Lakini sanamu haiumii. Inatoa namba tu, na ili namba hiyo igeuke jeraha, lazima ilinganishwe na mwili uliowahi kuvunjika. Hapo ndipo inapotumiwa miili ya watu waliojitolea kwa sayansi baada ya kufa, na wengi wa hao walikufa wakiwa wazee.

Ona basi mwanaanga amewekwa kati ya watu gani. Upande mmoja yuko askari kijana mwenye mgongo imara kama mti. Upande wa pili iko maiti ya mzee ambaye mifupa yake ilikwisha kuchoka. Katikati yuko mtu wa miaka 45 anayerudi baada ya miezi sita ya kuelea. Mifupa ya nyonga yake imepoteza madini kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 kila mwezi, misuli ya mgongo imenywea, na hatari ya diski ya mgongo kuchomoka baada ya safari imeonekana kuwa kubwa kuliko kwa watu wa kawaida. Mipaka inayomfaa mtu huyo siku ya kuondoka haimfai siku ya kurudi, kwa hiyo mipaka ya wanaorudi hushushwa. Kushushwa huko ni uamuzi wa wataalamu unaotegemea hoja nzuri, lakini ni uamuzi. Na wanawake? Majaribio ya zamani yaliwahusu wachache mno, na shingo nyembamba iliyobeba kofia yenye uzito uleule haiwezi kukadiriwa kwa kumchukua mwanamume na kumpunguza kama anayepunguza picha.

Wengine wamekwenda kuazima miili mahali ambapo hukutarajia: kwenye mashindano ya magari ya Marekani. Dereva wa mbio amefungwa mikanda mingi, amekaa kwenye kiti kilichofinyangwa kwa umbo lake, amevaa kofia, gari lake lina vihisi, na yeye yu hai wa kuhojiwa baada ya kugonga ukuta. Kwa maoni yangu huo ndio uazimaji wenye busara kuliko wote, ingawa hata dereva huyo hajapoteza mifupa yake angani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wewe utalielewa upesi. Katika vipimo vya hospitali, kifundo cha mguu kilichoteguka ni jeraha dogo. Unakifunga bendeji na kumpa mgonjwa mkongojo. Ndani ya kapsuli inayoyumba baharini usiku, moshi umeingia na waokoaji wako mbali, kifundo hichohicho kinaweza kumzuia mtu asitoke. Kwa hiyo wapimaji wa vyombo vya anga hawaulizi tu jeraha ni kubwa kiasi gani kwa daktari. Huuliza pia kama aliyeumia ataweza kujifungua mikanda, kufungua mlango na kutoka peke yake. Ningekuwa na mamlaka, kila asilimia ingeandikwa pamoja na mwili ulioizaa: asilimia 5, askari, umri wa miaka 25, mgongo mzima.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mvuvi wa Dunga. Kwa nini wote wasitue majini, kwani maji si laini? Hata Ziwa Victoria lipo. – Mvuvi, Kisumu

JIBU: Ndugu mvuvi, wewe umewahi kuangukia ziwa kwa tumbo, kwa hiyo jibu unalo. Maji ni laini kwa anayeingia kwa ncha; kwa anayeyapiga kwa bapa ni kama sakafu. Kapsuli za Apollo zilining'inizwa zikiwa zimeinama kwa digrii 27 hivi, ili ukingo uzame kwanza kama mpiga mbizi. Ujanja huo hufaulu maji yakiwa tulivu. Wimbi likija na kuinua uso wake kuilaki kapsuli, pembe yote hufutika. Hayo ndiyo yaliyoipata Apollo 12 siku ile ya kamera: kishindo chake kilikadiriwa kuwa mara 15 ya uzito. Apollo 15, kwa upande mwingine, ilishuka mwaka wa 1971 parachuti moja kati ya tatu ikiwa imesinyaa, na hakuna aliyeumia. Parachuti pungufu juu ya maji mazuri ilikuwa afadhali kuliko parachuti zote tatu juu ya wimbi baya.

Ili kupima mambo hayo, kituo cha NASA cha Langley huko Virginia kina mnara mkubwa wa chuma, ule ambao zamani wanaanga wa Apollo waliufanyia mazoezi ya kutua Mwezini. Mwaka wa 2011 waliongeza chini yake bwawa lenye kina cha mita 6, na mifano ya kapsuli ya Orion imeachiliwa humo mara nyingi, kwa pembe na mwendo tofauti, sanamu zikiwa vitini.

Maji pia yana hatari nyingine baada ya kishindo. Oktoba 1976, Soyuz 23 iliangukia kwa bahati mbaya katika Ziwa Tengiz la Kazakhstan lililokuwa likiganda kwa baridi, parachuti ikalowa na kuzama, na wawili waliokuwamo wakakaa usiku kucha ndani ya chombo kilichoinama kabla ya kuokolewa. Ukiyaongezea hayo magugu maji ya ghuba yako, ambayo hata mtumbwi huyalaani, utanisamehe nisipolipendekeza ziwa letu. Boeing nayo imechagua njia ya tatu: Starliner yake hutua nchi kavu juu ya mifuko ya hewa.

SWALI: Mwalimu, mimi huandika daftari la safari katika sacco moja ya matatu. Dereva wetu amefanya safari 30 kati ya Nakuru na Kisumu bila mkwaruzo, na anadai mafunzo ya tahadhari ni ya wengine. Vyombo vya anga navyo vimetua kwa miaka mingi. Rekodi safi inathibitisha nini hasa? – Karani, Nakuru

JIBU: Karani, inathibitisha kidogo kuliko dereva wako anavyodhani, na ipo hesabu ya kumwonyesha. Gawanya 3 kwa idadi ya safari zisizo na ajali. Jibu ni kikomo cha juu cha hatari ambacho rekodi hiyo bado haijakikanusha, kwa uhakika wa asilimia 95. Safari 30 hutoa asilimia 10. Maana yake ni kwamba daftari lako linakubaliana na dereva bora kabisa, na linaweza kukubaliana pia na dereva ambaye atagonga mara moja katika kila safari 10 na ambaye mpaka sasa bahati imemshika mkono.

Yahamishe hayo kwenye kapsuli. Anayetaka kuonyesha kwa rekodi peke yake kwamba hatari ya kuumia haizidi asilimia 1 anahitaji kutua mara 300 bila jeraha hata moja. Kwa asilimia 0.5, mara 600. Soyuz, ambayo imebeba watu tangu 1967, imetua nao zaidi ya mara 140, na katika miaka hiyo viti na roketi zake zimebadilishwa, kwa hiyo si chombo kimoja kinachohesabiwa. Kapsuli mpya huanza na sifuri. Safari ya Artemis I ya kapsuli ya Orion, isiyobeba watu, iliyotua katika Bahari ya Pasifiki tarehe 11 Desemba 2022, ilimweka kwenye kiti cha kamanda sanamu aliyeitwa Moonikin Campos, kwa jina la Arturo Campos, mhandisi aliyesaidia kuwarudisha watu wa Apollo 13. Kiti chake kilikuwa na vihisi vya kurekodi mitikisiko. Hiyo ilikuwa safari moja.

Kwa hiyo kompyuta hutumwa kutua mahali pa watu. Hupewa upepo wa kila namna, mteremko wa ardhi, kimo na pembe ya wimbi, parachuti zote zikiwa wazi na moja ikiwa imekwama, na huitua kapsuli mara maelfu. Mtikisiko wa kila mara huingizwa kwenye lile tofali la springi, au kwenye mwili wa kompyuta wenye mifupa na mishipa iliyochorwa kipande kwa kipande, na mwishowe huhesabiwa ni mara ngapi mpaka ulivukwa. Kisha hatari hujumlishwa kwa uzito wake. Nikupe mfano wa namba zangu mwenyewe, za kufundishia tu. Tuseme katika kutua kwa kawaida uwezekano wa kuumia ni asilimia 0.5, na parachuti moja ikikwama ni asilimia 20, na parachuti hukwama mara moja katika kila mara 100. Mchango wa siku njema ni asilimia 0.495, wa siku mbaya ni asilimia 0.2, na jumla ni karibu asilimia 0.7. Siku moja mbaya katika 100 imeleta zaidi ya robo ya hatari yote. Kwa sababu hiyo wahandisi hutumia fedha nyingi kwenye parachuti ambayo haikusudiwi kushindwa kamwe.

Kuhusu dereva, mwonyeshe daftari, kisha mwulize katika hizo safari 30 amepita Mau Summit mara ngapi kukiwa na ukungu. Kama ni mara 2, rekodi yake ya ukungu ni ya safari 2.

SWALI: Binti yangu ana kimo cha sentimita 158 na ameambiwa na wenzake kwamba kapsuli hazichukui watu wafupi. Ni kweli? – Mzazi, Bungoma

JIBU: Ilikuwa kweli, mama, na ilihusu kishindo cha kutua kuliko urembo. Mtu asiyetosha kwenye kiti hapati kinga iliyopimiwa kiti hicho. Mwaka wa 1995 wanaanga wawili wa Marekani, Scott Parazynski na Wendy Lawrence, waliondolewa kwenye mazoezi ya kwenda kukaa katika Mir, kituo cha anga cha Warusi, mmoja kwa kuwa mrefu mno kwa kiti cha Soyuz na mwingine kwa kuwa mfupi mno. Wakati huo kiti kilichukua watu wa sentimita 164 hadi 182. Soyuz TMA iliyoanza kuruka 2002 ilipanua mipaka hiyo ikawa sentimita 150 hadi 190. Binti yako anatosha, na akiongeza hata sentimita 30 bado atatosha. Aanze Kirusi mapema.